Matumbawe Hai Safarini Wakati wa Theluji

Watu wengi wa mwambao huyajua matumbawe yakiwa yamekwisha kufa. Huyaona katika kuta za magofu ya Kilwa, katika nyumba kongwe za Unguja na Lamu, na katika tanuri ya chokaa. Kwa hiyo mtu akielezwa kwamba huko Marekani na Kanada wako watu wanaotumiana matumbawe yaliyo hai kwa ndege, katikati ya mwezi wa Januari, wakati theluji imefunika barabara na mapaa ya nyumba, yamkini ataona anasimuliwa hadithi. Atauliza: jiwe linakufaje kwa baridi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba tumbawe si jiwe. Tumbawe ni mnyama, au kwa usahihi zaidi ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, ambao kila mmoja ana kinywa kilichozungukwa na minyiri, na wote kwa pamoja hujijengea nyumba ya chokaa. Kile tunachokiita jiwe ni nyumba iliyobaki baada ya wenyewe kufa.

Tangu hapo ndipo tunapoweza kuelewa ugumu wa kazi ya kumsafirisha mnyama huyu katika majira ya baridi. Wengi hudhani kwamba kazi yote ni kumpatia joto. Sivyo. Joto jingi humwua upesi kama baridi, na pengine upesi zaidi. Kazi yenyewe ni kulinda hali aliyotoka nayo isibadilike, na kuifanya safari iwe fupi kadiri iwezekanavyo.

MNYAMA ASIYEZOEA MABADILIKO

Matumbawe yanayojenga miamba hupatikana katika bahari za nchi za joto, ambako maji yake kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa baina ya nyuzi 23 na 29 za Sentigredi. Ndani ya nyama ya kila polipi huishi mimea midogo mno ya jamii ya mwani. Mimea hiyo hupokea nuru ya jua na kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tunayoiona katika miamba, kwa kiasi kikubwa hutokana na ushirika huo.

Maji yakipoa mno, au yakipata moto mno, ushirika huo huvunjika. Mwani hutoka au hufa, tumbawe hubaki jeupe, na hali hiyo ikiendelea mnyama naye hufa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 18 kwa siku kadhaa, matumbawe mengi ya miambani hudhoofika.

Bahari yenyewe imetoa ushahidi. Mwezi wa Januari mwaka 1977 theluji ilionekana katika mji wa Miami, jambo ambalo wenyeji hawakulizoea kabisa, na baridi hiyo iliua matumbawe mengi ya maji mafupi katika visiwa vya Dry Tortugas, kusini mwa jimbo la Florida. Mwaka 2010, mwezi huo huo wa Januari, baridi kali ilirudi. Maji ya karibu na pwani katika baadhi ya sehemu yalishuka chini ya nyuzi 12, na makundi ya matumbawe yaliyokuwa yamekaa hapo kwa miaka mingi yakafa katika muda wa siku chache.

Kwa upande wa joto hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na miamba ya mwambao wetu, kuanzia Kenya hadi Tanzania, iligeuka myeupe katika sehemu nyingi. Basi mnyama huyu hana nafasi kubwa ya kuyumba, ama juu ama chini. Mtu anayemfunga ndani ya boksi na kumkabidhi kwa mchukuzi hana budi kulijua hilo kabla hajagusa mfuko wa kwanza.

SINDANO, UZI NA SIFONGO

Kazi ya kuyasafirisha matumbawe yakiwa hai si ya jana. Mwaka 1846, mwanamke wa Kiingereza aitwaye Anna Thynne alikuwa pwani ya Torquay, akavutiwa na matumbawe madogo ya maji baridi ya huko. Alitaka kuyapeleka kwake London yakiwa hai. Aliona kwamba yakiachwa yakigongana ndani ya chombo yataumia, kwa hiyo akayashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo kubwa, akayatia ndani ya gudulia la maji ya bahari. Alipofika nyumbani na kukosa maji mapya, maji yale yale yakawa yakimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa.

Zaidi ya miaka 170 imepita, na bado mambo aliyoyashughulikia mwanamke huyo ndiyo yanayowashughulisha wasafirishaji wa leo: tumbawe lisigongwe, lisikose hewa, na lisikae safarini muda mrefu. Kilichoongezeka ni ndege, na pamoja na ndege, theluji. Kwa kuwa wafugaji wengi wa leo hukaa katika miji ambayo kwa miezi minne au mitano ya mwaka mtu hawezi kutoka nje bila koti zito.

Jambo jingine lililobadilika ni asili ya matumbawe yenyewe. Hapo zamani karibu yote yalivunjwa baharini. Siku hizi mengi hukuzwa na watu. Mfugaji hukata kipande kidogo kutoka katika tumbawe kubwa, hukibandika kwa gundi juu ya kigae, na baada ya miezi kadhaa kipande hicho huwa tumbawe kamili. Nchi ya Indonesia, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, ilisimamisha biashara hii mwaka 2018, na ilipoifungua tena mwaka 2020 ilitia mkazo katika matumbawe yaliyopandwa.

Hapa ndipo usafiri salama unapopata uzito wake. Kipande kilichokuzwa na mtu kikifika salama, ni kipande kimoja kisichovunjwa baharini. Kikifa njiani, mnunuzi hutafuta kingine, na hakuna ajuaye kwa hakika hicho kingine kitatoka wapi.

JINSI YA KUFUNGA

Siku moja au mbili kabla ya safari, tumbawe halilishwi. Mnyama aliyeshiba huchafua maji, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo ndani ya mfuko mdogo ni sumu. Kila kipande hutiwa katika mfuko wake peke yake, maana matumbawe mengine yana minyiri yenye kuchoma, na jirani aliyechomwa safarini hufika akiwa na jeraha.

Maji ya mfukoni lazima yalifunike tumbawe lote, na nafasi inayobaki juu huachwa kwa hewa. Vipande vyenye matawi membamba mara nyingi hufungwa kwa mpira juu ya kibao chepesi kinachoelea, tumbawe likining'inia kichwa chini majini, ili ncha zake zisisuguane na plastiki. Kisha mfuko wa kwanza huingizwa ndani ya wa pili, vinywa vyake vikitazamana upande tofauti, kwa sababu mfuko mmoja ukivuja pasiwe na hasara. Maji yakivuja ndani ya boksi wakati wa baridi, madhara yake ni mawili: tumbawe hukauka, na unyevu huo huondoa joto la mifuko mingine yote.

Mifuko hupangwa ndani ya boksi la povu gumu la plastiki, lile jeupe jepesi ambalo msomaji amewahi kuliona likiwa limezunguka redio mpya. Kuta zake zikiwa na unene wa sentimita 2 hadi 4, huzuia vizuri joto lisitoke. Nafasi zote tupu hujazwa kwa karatasi za gazeti zilizokunjwakunjwa, na boksi hilo huingizwa ndani ya boksi la karatasi ngumu.

Mama wa nyumbani aliyewahi kutumia jiko kapu atafahamu mara moja. Kapu halina moto. Chungu kikitolewa jikoni na kufunikwa ndani ya kapu, wali huendelea kuiva kwa sababu joto lililomo halipati mlango wa kutokea. Boksi la povu ni hivyo hivyo: halileti joto, bali hulitunza lile lililokwisha kuwamo. Kwa hiyo maji yakitiwa yakiwa yamekwisha kupoa, boksi litatunza ubaridi huo kwa uaminifu ule ule.

Jambo la pili ambalo wapishi wanalijua ni kwamba sufuria kubwa hupoa polepole kuliko kikombe. Boksi lenye lita 4 za maji huchelewa kupoa kuliko boksi la ukubwa huo huo lenye lita moja. Mtumaji anayepunguza maji ili apunguze uzito na nauli, katika majira ya baridi anajipunguzia pia akiba ya joto.

PAKITI YA JOTO NA HATARI YAKE

Msaada unaotumiwa sana ni pakiti ya joto. Ni kifuko kidogo ambacho ndani yake mna unga wa chuma, chumvi, mkaa na unyevu kidogo. Kikifunuliwa, hewa huingia, na chuma huanza kushika kutu. Kutu hiyo, ambayo katika paa la bati huchukua miaka, hapa hutokea kwa muda wa saa, na kila chuma kinaposhika kutu hutoa joto. Ziko pakiti za saa 20, za saa 40 na za saa 72.

Makosa yanayofanyika hapa ni ya namna mbili. La kwanza ni kuiweka pakiti karibu na mfuko. Pakiti huweza kufikia nyuzi 50, na tumbawe lililogusana nayo hupikwa hata kama nje theluji inaanguka. Pakiti yafaa ifungwe ndani ya karatasi ya gazeti na kubandikwa chini ya kifuniko, mbali na mifuko, na upande wake unaopitisha hewa usizibwe kwa utepe.

La pili ni kusahau kwamba pakiti hiyo hupumua. Boksi likizibwa kabisa, oksijeni iliyomo huisha na pakiti huzimika kama mshumaa uliofunikwa kwa bilauri. Ndiyo maana mtu hulipokea boksi likiwa baridi, akaiona pakiti imepoa, akaitoa nje, na baada ya nusu saa ikaanza kuwaka mkononi mwake! Dawa yake ni ndogo: pakiti ifunuliwe mapema na kuachwa mpaka ipate moto, na boksi liachiwe tundu dogo la kupitisha hewa.

Wala pakiti nyingi si ulinzi mkubwa zaidi. Anayetia tatu kwa hofu ya baridi husahau kwamba boksi lake huenda likakaa saa sita ndani ya ghala lenye joto. Mtumaji mzoefu hufanya jaribio kwanza: hufunga boksi lenye maji matupu na kipimajoto, huliweka nje usiku mmoja, na asubuhi husoma kipimo.

SIKU NA NJIA

Boksi zuri likipelekwa siku mbaya halina faida. Watumaji makini hutuma Jumatatu, Jumanne au Jumatano, ili likitokea cheleweo la siku moja, tumbawe lisije likalala ghalani mwishoni mwa juma wakati ofisi zimefungwa.

Kisha huangalia hali ya hewa, na si katika mji wa kuondokea na wa kufikia tu. Mwaka 1973 kampuni ya Federal Express ilianza kazi mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, kwa utaratibu wa kukusanya vifurushi katika kituo kimoja usiku, kuvichambua, na kuvirusha tena kabla ya mapambazuko. Kampuni ya UPS nayo ina kituo kikuu kama hicho mjini Louisville, Kentucky. Kwa utaratibu huo, kifurushi kinachotoka Florida kwenda Texas, majimbo mawili ya kusini yenye joto, huweza kulala Tennessee kwenye barafu. Mtu aliyetazama hali ya hewa ya ncha mbili za safari, akasahau katikati, hakuitazama safari yake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022, dhoruba kubwa ya theluji ilipita juu ya sehemu kubwa ya Marekani siku chache kabla ya Krismasi, na kampuni zote mbili zilitangaza kwamba kazi katika vituo hivyo imevurugika na mizigo itachelewa. Kiatu au kitabu huchelewa kikafika kizima. Mnyama ana saa zake zilizohesabiwa.

Sehemu nyingine ya hatari ni ya mwisho kabisa. Gari la kusambaza vifurushi huzunguka mitaani kutwa nzima, mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa, na mwisho wake boksi huachwa barazani kwa mtu ambaye yuko kazini. Kwa sababu hiyo, wauzaji wengi katika majira ya baridi humtaka mnunuzi aende mwenyewe kulichukua boksi katika kituo cha kampuni, ndani ya jengo lenye joto.

KULIPOKEA

Baada ya tahadhari zote hizo, tumbawe huweza kufika salama na kufia mikononi mwa mwenyeji wake. Kosa la kwanza ni haraka ya kulipasha moto. Mfuko uliopoa usiwekwe juu ya jiko, wala usimiminiwe maji ya moto. Huelezwa juu ya maji ya tangi ukiwa bado umefungwa, kwa dakika 15 hadi 30, na taa za tangi zikiwa zimepunguzwa, hadi joto la ndani na la nje lilingane.

Mara mfuko ukifunguliwa, mtu asizembee. Maji yaliyofungwa huwa na hewa chafu nyingi iliyotokana na pumzi, na hewa hiyo, ajabu ni kwamba, huipunguza makali amonia. Mfuko ukifunguliwa hewa hiyo hutoka, na amonia huwa kali ghafla. Kwa hiyo tumbawe lihamishwe upesi, na maji ya safari yamwagwe, yasitiwe tangini.

Tumbawe likijikunja na kutoonyesha minyiri si dalili ya kifo. Linaweza kukaa hivyo siku kadhaa na kisha likafunguka. Lililokufa hujulikana kwa harufu ya uvundo na nyama inayomeguka, na hilo halifai kuingizwa pamoja na wenzake.

Tahadhari moja inahusu afya ya familia. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo, hasa ya jamii ya Palythoa na Zoanthus, huweza kuwa na sumu kali sana iitwayo palitoksini. Mtu ayashike akiwa amevaa glavu na kukinga macho, watoto wawekwe mbali, na jiwe lenye matumbawe hayo lisichemshwe kamwe, kwa maana mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitali.

SISI TUNAHUSIKAJE?

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga, ambaye hana theluji wala tangi la kioo, anaweza kudhani habari hii ni ya watu wa mbali. Lakini mnyama anayesemwa ni yule yule anayeishi katika miamba yetu, na madhaifu yake ni yale yale. Hapa kwetu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya kuilinda miamba hiyo, ambayo ndiyo makao ya samaki tunaowanunua sokoni.

Aidha, matumbawe magumu yamo katika orodha ya Mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Mkataba huo hautazami uhai peke yake. Hata tumbawe jeupe lililokauka, analolinunua mgeni ufukoni au analolibeba ndugu anayerejea Ulaya kama zawadi, huweza kuzuiwa uwanja wa ndege likiwa halina kibali. Ni heri kuliacha baharini, na kumpa mgeni zawadi ya ukili au ya mti uliochongwa.

Na kwa jambo la kusafirisha kiumbe hai, funzo lake halina mipaka ya nchi. Mfugaji wa kuku anayepeleka vifaranga vya siku moja bara kwa basi, ndani ya boksi la matundu, hufanya hesabu ile ile: hewa, joto, muda, na mtu wa kuwapokea kituoni. Akisikia kwamba mvua imekata barabara, hapakii.

Ndivyo wanavyofanya pia wasafirishaji bora wa matumbawe. Pakiti za joto wanazo, maboksi mazito wanayo, na fedha za mnunuzi wamekwisha kuzipokea. Lakini wakiona barafu imetanda njiani, humwandikia mnunuzi kwamba asubiri juma moja, na tumbawe hubaki tangini, katika maji ya nyuzi 25, likiendelea kukua.